Joto la Konza na Maji ya Thwake

Ukitoka Nairobi kuelekea Mombasa, kilomita 60 hivi, unafika Malili, Kaunti ya Makueni. Hapo ndipo Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, Januari 2013. Kituo cha data cha taifa tayari kinafanya kazi mjini humo. Bidhaa yake ni uwezo wa kompyuta. Gharama yake isiyozungumzwa ni joto.

Elektroni zikipita kwenye waya hukutana na ukinzani, na sehemu ya umeme uliolipiwa hugeuka joto. Ndiyo maana mapigo ya chipu yamesota karibu na gigahezi 4 au 5 kwa miaka ishirini: ukizidisha, inaungua. Joto hilo huondolewa kwa umeme mwingine, na katika vituo vingi vya data duniani, kwa maji.

Maji, katika Ukambani hii kame! Kitui watu hujenga mabwawa ya mchanga ili jua lisiwanyang'anye akiba, na punda bado hubeba mitungi kutoka visima vya mtoni. Konza yenyewe ilipangiwa maji ya bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui.

Kwa hiyo habari za kompyuta za mwanga, zinazotumia fotoni (chembe za mwanga) badala ya elektroni, zinatuhusu. Mwanga hauchemshi njia kama umeme unavyochemsha shaba. Tena si mgeni hapa: tangu kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zitue Mombasa mwaka 2009, data hupanda bara kwa faiba, Mombasa hadi Nairobi kwa milisekunde tatu hivi. Ikifika kituoni hugeuzwa umeme, na hapo ndipo bili inapoanza. Machi 2025 kampuni ya chipu ya Nvidia ilitangaza swichi za mtandao zinazoifikisha faiba hadi ubavuni mwa chipu, ili safari ya shaba iwe fupi.

Kukokotoa kwa mwanga wenyewe ni kazi nyingine. Fotoni hazisimami zihifadhiwe, wala hazisukumani kirahisi jinsi transista inavyotaka. Mashine ya Kichina ya Jiuzhang ilishangaza dunia mwaka 2020 kwa hesabu moja mahususi ya fotoni, lakini hiyo haiwezi kuandaa hata mishahara ya kaunti. Muuzaji akija Malili na sifa za kasi, mimi ningemuuliza kwanza mtambo wake unakunywa lita ngapi za maji kwa siku.