Damu ya Mzee Chini ya Mkungu

Bibi jirani alinikuta nimepiga magoti chini ya mkungu, simu mkononi, pua karibu iguse mchanga.

"Mwanangu, umedondosha nini?"

"Shikamoo bibi. Sijadondosha kitu, napiga picha jani."

"Marahaba. Jani?" Akaegemeza fagio lake ukutani, akainama. "Si damu ya mzee hiyo!"

Nilikuwa nimehangaika asubuhi nzima na rangi ile. Nyekundu si nyekundu, zambarau si zambarau. Kumbe jina lake lipo, na wauza vitambaa wa Kariakoo wanalitaja kila siku. Mkungu haungoji baridi ya Ulaya ili ugeuze majani yake. Hapa hapa Dar es Salaam, katikati ya joto, mti hulinyang'anya jani ukijani wake kabla ya kuliachia, ndipo wekundu unapojitokeza. Mishipa hukawia kidogo. Kwa siku moja au mbili unapata jani la damu ya mzee lenye mistari ya manjano, halafu basi, linakuwa kahawia kama mengine.

Nikiwa bado chini pale nikakumbuka jambo la shuleni: rangi zinazokubali upatanisho katika Kiswahili ni tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizobaki nyingi tumezichukua kwenye vitu. Kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa. Chungwa na zambarau ni matunda, manjano ni kiungo cha mapishi. Anayetaja rangi kwa lugha yetu tayari ameshazunguka uani na jikoni. Mimi nilihitaji simu ili nirudi huko.

Na simu, lazima niseme, ni mwongo mwenye adabu. Ukiielekeza kwenye gome jeusi la mwarobaini, inadhani umekosa mwanga, inaling'arisha mpaka linakuwa kijivu. Ukiielekeza kwenye ukuta wa chokaa inafanya kinyume, nao unakuwa kijivu vilevile. Imeundwa kuamini kwamba kila kinachoonekana duniani kina mwanga wa wastani. Dawa yake ni kidole: gusa kioo pale unapopataka, shikilia mpaka simu ijifunge hapo, kisha telezesha chini kwa weusi au juu kwa weupe. Kabla ya hapo futa lenzi kwa pindo la shati. Nusu ya picha zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa na ukungu wa mafuta ya chipsi.

Nyekundu ndiyo iliyonitesa zaidi. Mkrismasi unapochanua mwishoni mwa mwaka, kila mtu anaupiga picha kwa mbali, na kila mtu anapata doa jekundu lisilo na umbo, kama rangi iliyomwagika. Sababu yake imo ndani ya simu. Kamera nyingi za kidijitali huona rangi kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopata hataza mwaka 1976: katika kila nukta nne, mbili ni za kijani, moja ya nyekundu na moja ya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea sana kijani kupambanua mambo. Ua jekundu likipigwa na jua kali hujaza zile nukta chache za nyekundu mpaka zinafurika, na mikunjo ya petali inapotea. Punguza mwanga hadi picha ionekane nyeusi kupita kiasi, au okota ua moja lililoanguka ulipeleke kivulini. Hapo ndipo utakapoona kwamba petali yake moja haifanani na wenzake: ina weupe na madoadoa, kama kanga iliyochuja.

Umbile la ngozi ya kitu ni suala jingine, nalo linataka jua la ubavuni. Jua la utosi halifai. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, Dar es Salaam jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, na saa sita mchana gome la mti linakuwa bapa kama karatasi. Saa moja asubuhi gome lile lile lina mabonde na vilima, maana kila ufa umebeba kivuli chake. Ila huku kwetu jua hupanda haraka. Ukikaa kunywa chai ya pili umechelewa.

Mimi napenda mpera. Gome lake hubanduka vipande vyembamba, kila kimoja kikiacha alama ya rangi tofauti: shaba palipozeeka, kijani kilichopauka palipobanduka jana. Sogea mpaka simu ikatae kuona vizuri, kisha rudi nyuma kidogo, na usikuze kwa vidole. Ikinyesha, toka nje kabla maji hayajakauka. Gome likilowa huacha kurudisha ule mng'ao mweupe, rangi zake zikakolea.

Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa wa Berlin, alipiga picha za mimea kwa miaka mingi kwa kamera alizojiundia, bila rangi hata moja. Kitabu chake kilichapishwa 1928 na mashina yake yanaonekana kama chuma kilichofuliwa. Kwake nimeiba kipimo. Picha yoyote ya gome naigeuza kwanza iwe nyeusi na nyeupe. Ikifa hapo, najua nilipenda rangi tu, nikasahau ngozi.

Bibi nilimwonyesha ile ya mpera. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akasema ni ramani. Ya nchi gani hakusema. Akaendelea kufagia, na lile jani langu likaenda na mengine kwenye karai.

Kesho yake nilikuta jani moja juu ya ukuta wetu, limekandamizwa kwa jiwe lisipeperuke. Lilikuwa limeliwa na wadudu, matobo matupu.

"Nimekuchagulia hilo," alisema kutoka upande wa pili. "Naona wewe unapenda vilivyoharibika."