Neno la Kijana Mahakamani: Fumbo la Uhalifu katika Lugha Tatu za Kisumu

1. Utangulizi

Katika riwaya za upelelezi za Kiswahili, tangu Muhammed Said Abdulla alipomtokeza Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), fumbo la uhalifu hufumbuliwa kwa maneno. Mpelelezi husikiliza, hulinganisha kauli, kisha hugundua ni nani aliyesema uongo. Msomaji naye huamini kwamba kila kauli imemfikia kama ilivyotamkwa.

Katika mahakama za Kisumu na za mwambao wa Ziwa Victoria imani hiyo haina msingi imara. Kijana anayeshukiwa huenda akafikiri kwa Kijaluo, akahojiwa kwa Kiswahili, na majibu yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika safari hiyo neno moja laweza kulifunga fumbo kabla halijafumbuliwa, na kwamba Kiswahili, kilicho katikati, kinastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi.

2. Lugha tatu, daftari moja

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai inasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 nayo inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini aghalabu anayefasiri ni karani wa mahakama, ambaye ana kazi nyingine nyingi na ambaye pengine hakufunzwa ukalimani.

Yafaa kutoa mfano wa kubuni. Injini ya boti imeibwa usiku katika ufuo wa Dunga. Hakuna aliyemwona mwizi. Asubuhi anakamatwa kijana wa miaka 15 aliyeacha shule, ambaye hulala ufuoni na kulipwa samaki kwa kuvuta nyavu. Amezoeleka kuwa mtukutu, kwa hiyo kumshuku hakumgharimu mtu lolote. Katika majibu yake kuna mahali patatu pa hatari.

Kwanza, kitenzi "kusikia". Kijana akiulizwa kama amelisikia shtaka, hujibu, "Nimesikia." Katika Kiswahili kitenzi hiki chaweza kuhusu sauti, hisia, ufahamu au hata utii, na "winjo" ya Kijaluo nayo hubeba kusikia, kuhisi na kuelewa. Kiingereza humlazimisha mkalimani achague. Akichagua "kuelewa", daftari litasema kwamba mtoto aliufahamu uzito wa shtaka, ambapo yeye alikiri tu kwamba limesomwa.

Pili, jibu la swali la ukanushi. "Hukuwaona wenzako usiku ule?" Kijana anajibu, "Ndiyo," maana yake: ndivyo usemavyo, sikuwaona. Neno hilo likifasiriwa peke yake kwa Kiingereza, laweza kusomwa kinyume kabisa, kwamba aliwaona.

Tatu, mnyambuliko wa kitenzi. "Mnyororo ulikuwa umekatika nilipofika" ni kauli inayotaja hali tu, bila kudai mtendaji. "Ulikuwa umekatwa" inamdai mtendaji hata kama hatajwi. Tofauti hiyo ya -ik- na -w- aghalabu hupotea katika Kiingereza cha daftari, na papo hapo swali la "na nani?" humwangukia aliyesimama kizimbani.

3. "Ni kweli"

Hatari kubwa zaidi imo katika jibu fupi kuliko yote. Shtaka likisomwa, kijana husema, "Ni kweli." Lakini ni lipi lililo kweli? Kwamba alikuwapo ufuoni? Kwamba alikamatwa? Au kwamba aliiba?

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiona hatari hii. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri (1973) iliagiza kwamba shtaka na viungo vyake vyote vya msingi vielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu; kwamba maneno yake mwenyewe yaandikwe; kwamba baada ya kukiri, maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, kukiri kwake hubatilishwa na kesi husikilizwa. Kwa mwanaisimu, agizo hili lina maana moja: "ni kweli" si jibu kamili mpaka kijulikane kile kinachorejelewa.

4. Maneno yaliyokatazwa

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikwenda mbali zaidi. Ilikataza maneno mawili ya Kiingereza, lile la kutiwa hatiani na lile la kupewa adhabu, yasitumiwe juu ya mtoto katika mahakama ya watoto. Badala yake yatajwe kuonekana na hatia na amri inayofuata. Sheria mpya ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikamdhania aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vingine.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodaiwa. Katika matumizi ya kawaida "kupatikana na hatia" hufasiri dhana zote mbili ambazo sheria ilizitenga, na "hukumu" hutajwa kwa uamuzi na kwa adhabu pia. Basi mtoto aliyekingwa na lugha ya sheria hurudi nyumbani Nyalenda au Usenge akiitwa "aliyehukumiwa", na jirani hawaoni tofauti.

Yamkini dawa si ngumu. "Kutiwa hatiani" na "kuadhibiwa" kuachiwe watu wazima. Kwa mtoto pasemwe "kosa limethibitika" na "amri ya mahakama". Pamoja na hayo, majibu ya mtoto yaandikwe kwanza kwa lugha aliyoyatamkia, ndipo tafsiri ifuate, ili hakimu wa rufani aweze kuyapima. Idara za lugha za vyuo vikuu, ambazo kwa miaka mingi zimebuni istilahi za fizikia na za fasihi, hazina budi kuwafunza makarani hawa ukalimani. Kijana wa Dunga huenda aliiba injini ile, au hakuiba. Lakini haifai jambo hilo liamuliwe na "ndiyo" iliyofasiriwa kwa haraka.