Chokaa Sahihi kwa Bwawa la Samaki
Mfugaji wa perege wilayani Same, ambaye hujaza bwawa kwa maji ya vijito vya Milima ya Pare, anashauriwa kuyapima maji hayo kabla ya kununua chokaa. Alkali ikiwa chini ya miligramu 20 za kalsiamu kaboneti kwa lita, kiwango cha tindikali hupanda na kushuka mno kati ya alfajiri na alasiri, na samaki hudhoofika. Kinachofaa ni chokaa ya kilimo, ambayo huongeza alkali polepole. Chokaa ya kujengea, ingawa hufanana nayo kwa weupe, yaweza kuua samaki. Asome lebo, adai risiti, na apime tena baada ya wiki chache. Mfuko usio na lebo asiununue.