Nairobi hadi Mombasa si barabara moja: Zipo tatu, na kila moja ina hatari yake

Dereva anayetoka Westlands asubuhi kwenda Mombasa atasema anashika Mombasa Road, basi. Ukweli ni kwamba akipitia Expressway, kabla hajafika Sultan Hamud atakuwa ameendesha kwenye aina tatu za barabara kuu. Hatari huanza pale anapobeba mazoea ya barabara moja na kuingia nayo kwenye nyingine.

Hivi ndivyo zinavyotofautiana.

1. Barabara ya kulipia

Expressway ina kilomita 27, kutoka Westlands hadi Mlolongo. Haina mizunguko. Bodaboda, tuktuk na wanaotembea kwa miguu hawaruhusiwi. Kasi ya juu ni kilomita 80 kwa saa.

Pa kuwa makini ni sehemu mbili. Ya kwanza ni vituo vya kulipia: dereva anakuja kwa kasi na ghafla anakuta magari yamesimama kwenye foleni. Apunguze mwendo mapema na achague mlango wake kabla hajafika, si kukata leni dakika ya mwisho.

Ya pili ni njia za kutokea. Akipitwa na yake, asisimame wala asirudi nyuma. Aende hadi inayofuata. Pesa za ziada atakazolipa ni kidogo kuliko gharama ya kugongwa na gari linalokuja nyuma yake.

2. Barabara iliyotenganishwa katikati

Kutoka Mlolongo kupitia Athi River hadi makutano ya kwenda Machakos, magari ya kwenda yametenganishwa na ya kurudi. Leni ya kushoto ni ya mwendo wa kawaida, ya kulia ni ya kuovateki. Akishamaliza kupita, arudi kushoto.

Inafanana na Expressway, lakini hapa kuna watu. Matatu inachomoka kwenye steji, lori lenye mzigo linaingia polepole, bodaboda inakuja upande usio wake, na mtu anakatiza barabara mbio. Karibu na steji na masoko, mguu uwe tayari kwenye breki.

3. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi

Baada ya makutano ya Machakos ukuta wa katikati unaisha, na kwa sehemu kubwa ya safari iliyobaki kinachomtenganisha dereva na trela linalokuja ni mstari wa rangi tu. Hapa ndipo wengi wanaponzwa na mazoea ya leni ya kulia. Ile leni sasa ni ya wenzao.

Hesabu ni rahisi. Gari dogo la kasi ya 100 likipita lori la kasi ya 80 huhitaji takriban sekunde 10. Kama upande wa pili kuna gari la kasi ya 100, mawili hayo yanasogeleana kwa zaidi ya mita 55 kila sekunde. Kwa hiyo dereva anahitaji zaidi ya mita 500 za barabara tupu, sawa na viwanja vitano vya mpira. Malori yakiwa matatu yamefuatana, ni zaidi ya hapo.

Asipoona umbali huo, asubiri. Asiovateki kwenye kona, kilimani, au penye mstari wa katikati usiokatika. Asitegemee indiketa ya dereva wa lori: huenda anamruhusu apite, huenda anakata kona. Pia asimfuate tu aliyetangulia kuovateki, maana nafasi iliyomtosha wa kwanza huenda isimtoshe wa pili.

Asilibane lori kwa nyuma. Aache nafasi ya sekunde tatu, na mvua ikinyesha aongeze. Akiwa mbali kidogo ndipo anaona vizuri mbele.

Matawi ya miti barabarani maana yake kuna gari limeharibika mbele. Usiku, lori lililokwama bila taa halionekani hadi umelikaribia.

Akiingia Emali, Kibwezi au Mtito Andei, kasi ishuke hadi 50. Baada ya saa kadhaa za mwendo mkali, 50 inahisi kama kutambaa, kwa hiyo aangalie kipima kasi, asiamini hisia. Kuelekea Voi barabara inapita kati ya mbuga za Tsavo, na ndovu huvuka.

Safari hii ni ya karibu kilomita 480. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili, na awaambie wanaomsubiri Mombasa mapema kwamba huenda akachelewa. Akishatoa taarifa hiyo, hatakuwa na haraka ya kupita lori lolote.