UZITO WA MAGURUDUMU YA PIKIPIKI



Katika mashamba ya chai ya Kabarole na Bushenyi, Uganda, wenzetu wengi siku hizi huenda kazini kwa pikipiki. Wengine hupanda boda boda, wengine wana zao, na wasimamizi hupewa za kampuni. Tairi likiisha hufungwa lolote linalopatikana dukani, mradi liingie kwenye rimu. Hapo ndipo tunapotaka kusema neno, maana tairi zito hubadilisha mwendo wa pikipiki nzima, na anayeumia ni yule aliyekaa juu yake.

Kilo moja ya gurudumu si sawa na kilo moja ya mzigo. Mzigo uko juu ya springi, gurudumu liko chini yake. Likigonga jiwe hutupwa juu, na ni kazi ya springi kulirudisha. Likiwa jepesi hurudi upesi. Likiwa zito huchelewa, na kwa muda huo mfupi tairi haligusi barabara sawasawa. Ukishika breki wakati huo, tairi halina pa kung'ang'ania. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa matuta madogo madogo, jambo hili hujirudia njia nzima.

Halafu kuna mzunguko. Chukua gurudumu la mbele la baisikeli, shika ekseli yake kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kulilaza upande. Litakukatalia. Kadiri linavyozunguka kasi ndivyo linavyozidi ubishi. Sasa pikipiki haikati kona bila kulala, kwa hiyo magurudumu mazito huifanya iwe ngumu kuilaza na ngumu kuiinua. Kwenye barabara iliyonyooka dereva huiona imetulia, akaisifu. Shida huja ng'ombe anapokatiza ghafla.

Uzito ulio ukingoni, yaani kwenye tairi, tyubu na rimu, ni mbaya kuliko ulio karibu na ekseli. Kilo moja ya tairi huisumbua injini karibu kama kilo mbili za mzigo, kwa sababu lazima isukumwe mbele na izungushwe pia. Breki nayo hupata taabu hiyo hiyo wakati wa kusimama.

Ndiyo sababu hatuipendi ile desturi ya kukata tairi kuukuu na kulitandika ndani ya jipya ili kuzuia miiba. Tunajua pancha zinavyokula mshahara. Lakini uzito wote huo unawekwa pale pale pabaya, na kwenye gurudumu la mbele ni hatari zaidi, maana ndilo linaloongoza.

Mtu asituelewe vibaya, akanunua tairi jembamba halafu apakie magunia mawili. Hilo litapasuka. Soma ubavuni: 3.00-18 maana yake upana inchi 3, rimu inchi 18, na tarakimu iliyo pamoja na herufi PR huonyesha nguvu ya kubeba. Fuata kipimo alichoandika mtengenezaji wa pikipiki.

Kwa pikipiki za kampuni, mwakilishi wa tawi adai kipimo hicho hicho. Tairi la zamani na jipya yapimwe kwenye mizani ya majani, ile ile tunayogombana nayo kila siku. Tofauti ikionekana hata kwenye mizani ile, basi si ndogo, na fundi aulizwe sababu kabla ya kulifunga.