Kutazama Ndege: Mfano wa Suji, Upareni



Kila mmoja wetu mwenye shamba la mikarafuu awajua ndege wa shamba lake. Amjua ninga, amjua chozi, amjua bundi aliaye usiku. Lakini tukiulizwa, "Ndege yule tumbo lake rangi gani? Mdomo wake umepinda au umenyooka?" wengi wetu hatuna jibu la hakika. Kutazama ndege ni kutafuta majibu ya maswali madogo kama hayo na kuyaandika. Ni mapumziko baada ya kazi, hayana ujira; lakini yana faida yake, na mkulima wa karafuu ana sababu maalum ya kuyapenda, kama tutakavyoona.

Ili jambo lieleweke twachukua mfano wa mahali pamoja palipo mbali na kwetu, nao ni Suji, katika milima ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same.

MAHALI PENYEWE

Msafiri wa kutoka Pemba, akisha kuvuka bahari mpaka Tanga, huifuata barabara kuu iendayo Moshi. Milima ya Usambara, na baadaye ya Upare, huiona mkono wake wa kulia. Akifika Makanya, kabla ya mji wa Same, huiacha barabara kuu akapanda mlima. Huku chini ni nchi kavu, ya joto na miiba. Juu Suji kuna baridi, migomba, mahindi na maharagwe. Juu zaidi uko msitu wa Chome, wenye ukungu na miti mirefu, na kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari.

Katika msitu huo na kando zake yuko ndege mdogo ambaye haonekani mahali pengine po pote duniani ila milima hiyo ya Upare ya Kusini. Ni wa jamii ya ndege ambao waandishi wa Kiswahili wamewapa jina la vinengenenge. Ni wadogo kuliko shomoro, mgongo wao ni rangi ya majani, na kila mmoja ana pete nyeupe kulizunguka jicho, kana kwamba amevaa miwani. Wataalamu walimpa yule wa Upare jina lake la kitaalamu mwaka 1934: Zosterops winifredae.

JINA LILIKOTOKA

Winifred alikuwa mke wa Bwana Reginald Moreau, Mwingereza. Bwana huyu hakusomea elimu ya ndege. Alikuwa mkaguzi wa hesabu huko Cairo, Misri, naye alianza kutazama ndege kwa kujipumzisha. Mwaka 1928 alihamia Amani, katika Usambara, akafanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, na yeye na mkewe wakaendelea kutazama na kuandika. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimpa mkewe heshima kama hiyo kwa jina la ndege mwingine, wa milima ya Uluguru. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake, ambacho wataalamu hukirejea mpaka leo.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Kinengenenge wa Pemba aitwa Zosterops vaughani, jina alilopewa mwaka 1924 kwa heshima ya Bwana Vaughan, mwanasheria aliyefanya kazi Unguja na kutumia saa zake za mapumziko kuwaandika ndege wa visiwa hivi. Basi mkaguzi wa hesabu na mwanasheria, wote wawili walianza kama tunavyoweza kuanza sisi: kwa macho, daftari na subira.

MLIMA NAO NI KISIWA

Msomaji atauliza: ndege ana mabawa, kwa nini yule wa Upare hakutoka kwenda kwingine? Jibu ni kwamba kwa ndege mdogo wa msitu wa baridi, ile nchi kavu ya Makanya ni kama bahari. Hapati kivuli wala chakula alichokizoea. Zamani sana, nyakati ambazo hali ya nchi ilikuwa ya baridi na unyevu zaidi, misitu ilienea zaidi kuliko leo. Nchi ilipokauka, misitu ilibaki vilele vya milima, na ndege wakabaki humo. Kila kundi likazaliana peke yake, likageuka kidogo kidogo mpaka likawa la namna yake. Ndiyo sababu milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ina kinengenenge wake, na Upare ya Kusini ina wake.

Visiwa vyetu vyatoa ushahidi huo huo. Bahari baina ya Unguja na bara si ya kina kikubwa. Miaka kiasi cha 20,000 iliyopita maji ya bahari yalikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Lakini mkondo ulio baina ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, nao haukukauka. Kwa hivyo Unguja haina hata aina moja ya ndege isiyopatikana kwingine, na Pemba inazo nne: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kinengenenge wa Pemba.

NAMNA YA KUMTAMBUA NDEGE

Anayeanza hukosea kwa kutazama rangi moja tu, kisha akakimbilia kitabu. Yafaa kwanza kujiuliza maswali haya, na kuyajibu kabla ndege hajaruka:

1. Ukubwa wake ni kama wa nani? Mlinganishe na ndege umjuaye: shomoro, njiwa, kunguru.

2. Mdomo wake ukoje? Mwembamba wa kuokota wadudu, mnene wa kuvunja mbegu, au mrefu uliopinda wa kunyonya maua?

3. Rangi zake ziko wapi? Taja kila kiungo peke yake: kichwa, koo, kifua, tumbo, chini ya mkia.

4. Afanya nini? Yu peke yake au katika kundi? Juu ya mti au chini?

5. Uko mahali gani, na tarehe gani?

Tuyajaribu maswali haya kwa kinengenenge. Chini huko kwenye nchi kavu karibu na Same, kinengenenge utakayemwona ana tumbo la manjano hafifu. Ukipanda mpaka msituni juu ya Suji, utamwona mwenye koo la manjano, lakini tumbo lake ni rangi ya kijivu. Huyo ndiye wa Upare. Ukirudi nyumbani Pemba, wa kwetu ni wa manjano iliyokolea tangu koo mpaka tumbo, na pete ya jicho lake ni nyembamba. Watatu hawa, mtu akiwatazama mgongo tu, atasema ni mmoja. Tumbo ndilo linalowatenganisha, na mahali ndipo panapothibitisha.

KUPIGA PICHA

Vinengenenge hutembea kwa makundi na hawatulii. Jicho humwona mmoja kwa nukta mbili tatu tu, kisha jani limemficha. Hapo picha husaidia, kwa sababu yaweza kutazamwa tena kwa utulivu. Simu ya mkononi peke yake haitoshi kwa ndege mdogo aliye juu ya mti. Yafaa kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali. Asiye nayo aweza kuiweka simu yake kwenye jicho moja la darubini, akapata picha ya kutambulia ijapokuwa si ya kutundika ukutani.

Simama jua likiwa mgongoni kwako. Weka kamera ipige kwa kasi, sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi, ili ndege asitoke ukungu. Ukimwona, piga kwanza picha yo yote, hata mbaya, kisha ndipo utafute nzuri. Jitahidi upate ubavu na tumbo pamoja. Saa njema ni asubuhi mapema, baada ya ukungu kuondoka.

Siku hizi ziko programu za simu zinazotambua ndege kwa picha au kwa sauti, kama ile iitwayo Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ni msaidizi mzuri, lakini yapasa kumsaili. Ikikuambia kwamba ndege wa Taita yuko Suji, usikubali mpaka umerudi kwenye yale maswali matano. Na ukiwa huna hakika, andika "kinengenenge, aina haikutambulikana." Daftari lenye neno hilo mara nyingi laaminika kuliko lenye majina mengi.

ADABU

Usikaribie kiota kwa ajili ya picha; mama akikimbia, mayai hupoa au huliwa. Usimchezee ndege sauti yake kwenye simu mara kwa mara, kwani huacha kula akimtafuta adui asiyekuwepo. Msitu wa Chome ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, basi pata kibali kwanza, na uchukue mwenyeji akuongoze. Tena kumbuka kwamba watu wengi wa Suji ni Wasabato. Siku ya Jumamosi ni ya ibada, si ya kumtafuta mtu wa kukupandisha mlimani.

KWA NINI INATUHUSU

Kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kinengenenge wa Upare kuwa tawi tu la aina moja iliyoenea katika milima mingi ya Afrika Mashariki. Kwa hesabu hiyo, msitu wa Chome ukiisha, aina yapoteza tawi lakini yabaki. Baadaye uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba ndege wa milima hiyo si ndugu wa karibu kama walivyodhaniwa, na leo yule wa Upare ahesabiwa aina kamili. Basi msitu ukiisha, ameisha. Ndege ni yule yule na mti ni ule ule. Kilichobadilika ni kujua kwetu, na kwa kujua hasara imepata kipimo. Nao msitu huo umeumia: mikulo yake imepasuliwa mbao kwa wizi, na moto umekula sehemu zake.

Huko Suji ndege huyo ategemea msitu. Kwetu Pemba jambo liko karibu zaidi na mlango wa nyumba. Bundi wetu mdogo haishi Ngezi peke yake. Huishi pia katika miembe yenye majani mengi na katika mashamba ya mikarafuu iliyosongamana. Bundi wa jamii yake hutaga katika mapango ya miti. Kwa hiyo mwanachama anapong'oa mikarafuu mikongwe ili apande michanga, na ni faida yake, yafaa aache mti mmoja au miwili yenye mapango, hasa ukingoni mwa shamba ambapo haimzuii. Gharama yake ni ndogo, na ndege huyo hana kisiwa kingine cha kuhamia.

Aanzaye leo hahitaji kusafiri mpaka Upareni. Achukue daftari, akae chini ya mkarafuu wake asubuhi moja kwa nusu saa, aandike kila ndege amwonaye kwa yale maswali matano, pamoja na tarehe. Afanye hivyo kila juma kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka atajua ni ndege gani wakaao, ni gani wapitao, na ni miti ipi ya shamba lake waitegemeayo. Hayo hakuna mtaalamu wa mbali awezaye kumwandikia.