Jini, Haka na Manzi wa Nikabu

Ukitaka mbogi ya wasomaji ipasuke mara mbili kabla chai ipoe, watupie Alif the Unseen. Hii kitabu ya G. Willow Wilson ilitoka 2012 na mpaka wa leo wasee hawajaskizana ni ya nini. Mmoja atakushow ni saibapanki, mwingine ni ya majini, na wa tatu aliifunga katikati akisema inachezea dini. Mi msimamo wangu ni huu: ndio saibapanki ya kwanza nimebuku penye imani iko hai, na hapo ndipo inawachoma watu. Saibapanki ya kawaida, tangu siku za Neuromancer ya 1984, dini ikitokea mara mingi ni pambo tu ama ulaghai wa kuvuna ganji. Wilson amekataa hiyo njia.

Stori iko hivi. Alif ni jina ya mtandao, jina ya kuzaliwa ni Mohammad. Ni haka kwa mji moja ya Ghuba yenye kitabu haitaji jina. Mathe ni Mhindi, fathe ni Mwarabu mwenye haonekani kejani mara mingi. Kazi yake ni kuficha watu wenye serikali inawasaka: wakomunisti, wanaharakati, watu wa siasa kali za dini. Hajali unaamini nini. Sasa Intisar, dame wa familia ya kishua, anamwacha. Alif, moyo ukiwaka, anaunda programu ya kumtambua huyo dame kwa vile anachapa tu, ata akibadilisha akaunti. Hiyo programu inaangukia mkuu wa sanse wa mtandao, mwenye mahaka wanamwita Mkono, na hapo noma inaanza. Intisar naye anamtumia kitabu ya kale, Alfu Siku na Siku Moja, yenye inasemekana ilisimuliwa na majini wenyewe. Kama ulikua ukisoma Alfu Lela Ulela, hapa hutapotea.

Ubishi wa kwanza ni wa tuzo. Mwaka wa 2013 kitabu ilibeba World Fantasy Award. Tulipoijadili kwa mbogi yetu ya wasomaji, beshte yangu mmoja wa Mombasa akauliza swali yenye ilinyamazisha meza nzima: fantasia ya nani? Kwa Muislamu jini si kitu ya kubuni. Kuna sura nzima kwa Kurani, ya 72, inaitwa Al-Jinn. Kwao Pwani stori za majini hazisemwi za kuchekesha watoi, zinasemwa na watu wazima, sauti ikiwa chini. Wilson mwenyewe anajua hiyo. Ni Mmarekani aliyesilimu, akaishi Cairo, na maisha hayo ameyaandika kwa The Butterfly Mosque ya 2010. Kwa hivyo Vikram, jini wake mwenye mdomo mchafu, hakuwekwa pale kama pambo. Anawashtaki binadamu wa sai: ushirikina umejaa, ubishi wa madhehebu umejaa, lakini imani yenyewe inakata roho.

Kuna wasee walitoka mbio hapo kwa Vikram. Jini anaoa mwanamke Mmarekani aliyesilimu, tena anamwachia mimba. Wengine wanaona hiyo ni kuvuka mipaka, wengine wanasema angalau kuna ndoa. Yenye mimi inaniudhi ni usiku wa Alif na Azalel, dada ya Vikram. Hiyo usiku haikua na kazi kwa stori. Inampunguza Alif bila kutufunza kitu juu yake, na wenye wanaisema vibaya siwapingi.

Lakini ubishi mtamu kuliko yote ni wa Sheikh Bilal. Huyu mzee ni imamu mwenye alificha Alif msikitini, akashikwa, akateswa. Akitoka anaeleza vile alikua anaswali kule ndani na uchafu wake, bila maji, juu amegundua yeye si miguu yake wala mikono yake. Msee mmoja alisimama kabisa: udhu ni udhu, ukianza kuacha hiyo utaacha yote! Dame wa South C, mwenye amekalia madrasa miaka, akamjibu polepole. Ukikosa maji unatayamamu kwa mchanga. Ukikosa hadi mchanga safi, kwa madhehebu ya Shafi, yenye Waislamu wengi wa hapa kwetu wanaifuata, bado unaswali kwa heshima ya wakati, alafu unakuja kuilipa. Yaani fikihi ilishamfikiria mfungwa kitambo. Sheikh hakuasi. Amefika kwa chumba yenye mafakihi waliijua, akatoka na kitu chenye sheria peke yake haiwezi kukupa. Hiyo jioni ata mwenye haswali aliomba asomewe hiyo kurasa mara ya pili.

Alafu kuna Dina, jirani wa Alif, Mmisri. Alianza kuvaa nikabu akiwa bado mtoi, na wazazi wake mwenyewe hawakutaka. Wasomaji wengi wanangoja aivue. Wanageuza kurasa wakitarajia saa ya ukombozi, haikuji, wanaboeka. Mi nawaambia wamcheki tena. Mapema kwa stori Alif amemuazima The Golden Compass ya Philip Pullman, kitabu yenye ilikasirisha Wakristo wengi, na Dina anairudisha na hoja: kuita kitu jina isiyo yake ni hatari. Alif anamwona mshamba. Sasa fuata stori. Alif anachukua ile kitabu ya majini, anaunda kodi ya kompyuta yenye kila alama inabeba maana mingi kwa wakati mmoja, na hiyo kodi inakuja kuungua mikononi mwake. Dina alikua amesema. Amepigwa risasi kwa mkono, amekimbizwa jiji nzima, na bado ndiye mwenye anafikiri sawasawa wakati haka amechanganyikiwa.

Sisi wa Nairobi tuna sababu ingine ya kuibuku sai. Misri ilizima intaneti Januari 2011, mwaka mmoja kabla hii kitabu itoke. Kwetu, tarehe 25 Juni 2024, mtandao ulisumbua vibaya siku ileile vijana wa maandamano waliingia Bunge, na kabla mwaka uishe kuna wakosoaji wa mtandaoni walitekwa. Ukisoma Mkono akifuata mtu kwa herufi zenye anachapa, hauioni tena kama stori ya mbali.

Mwisho wa kitabu unakimbia sana, mapinduzi ya mji wa Alif yanamalizwa haraka kuliko yalivyoanza, na Intisar anastahili kurasa zaidi ya zenye alipewa. Bado kwangu inapita. Jina kwa kava ni la Alif, lakini kitabu ni ya Dina. Ukiikuta kwa wasee wa vitabu vya inama pale tao, chukua, na usiifunge katikati. Fika kwa Sheikh Bilal kwanza, alafu kuja tubishane.